Kipimo cha saratani kijaribiwe kwa damu yenye malaria

JICHO LA JUMATANO
Na Zuhura Mkwizu

Limfoma ya Burkitt haimpi mtoto muda. Uvimbe wa taya au wa tumbo huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na bado hii ni saratani inayosikia dawa: mtoto akigundulika mapema na kupata matibabu kamili, matumaini ya kupona ni makubwa. Wengi hupoteza uhai katika zile wiki zilizo kati ya uvimbe kuonekana na matibabu kuanza. Zahanati inasema ni jino. Hospitali ya wilaya inaanza dawa za kifua kikuu. Baadaye kinakatwa kinyama cha uvimbe, kinasafirishwa mjini, anatafutwa mtaalamu wa patholojia, na majibu yanarudi wakati mtoto hawezi tena kumeza. Kwa hiyo kila ninaposoma habari za kipimo cha damu kinachoweza kuibaini saratani bila kisu, mtu wa kwanza ninayemfikiria ni mtoto huyu.

Habari hizo zimekuwa nyingi tangu Oktoba 2024, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walipotangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua maikro-RNA. Kila jeni ya protini inayofanya kazi hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe, ambayo hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Mwaka 1993, Ambros akiwa na Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, na Ruvkun katika maabara yake, walichunguza mnyoo wa milimita moja na kuonyesha kwamba kuna RNA fupi mno, ya herufi 22 hivi, isiyotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kumnasa mjumbe na kumzuia asifikishe ujumbe. Kwa miaka saba wanasayansi wengi waliliona hilo kuwa jambo la minyoo tu, mpaka mwaka 2000 ilipogunduliwa maikro-RNA ya pili, let-7, ambayo ipo pia kwa binadamu. Leo tunajua binadamu ana jeni zaidi ya elfu moja za maikro-RNA.

Uhusiano na saratani ulikuja haraka. Mwaka 2002 George Calin na Carlo Croce walionyesha kuwa wagonjwa wengi wa aina moja ya lukemia ya wazee wamepoteza au wamepungukiwa maikro-RNA mbili, miR-15a na miR-16-1, na baadaye ikafahamika kuwa hizo ndizo hudhibiti protini inayozikatalia seli mbovu kufa. Nyingine hufanya kinyume chake. Kundi liitwalo miR-17-92 huchochewa na jeni ya MYC, na mwaka 2005 ilionekana kwamba likizidi kwa panya wenye MYC iliyochachamaa, limfoma huwapata mapema zaidi. MYC iliyohama mahali pake na kukosa kizuizi ndiyo alama kuu ya limfoma ya Burkitt.

Hapa sayansi hii inarudi kwetu, na ninataka wasomaji walijue hilo. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alipoitwa mwaka 1957 kumwangalia mtoto aliyevimba taya zote. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona uvimbe ule. Walikuta kwamba unafuata joto na mvua, yaani unafuata mbu. Vinyama vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya seli zake. Miaka 40 baadaye, 2004, timu ya Thomas Tuschl huko New York ilichunguza seli za limfoma ya Burkitt zilizoambukizwa virusi hivyo vya Epstein-Barr na kukuta kwamba virusi navyo vina maikro-RNA zake. Zilikuwa za kwanza kupatikana katika virusi vyovyote.

Sasa tuje kwenye damu. Mwaka 2008 timu ya Muneesh Tewari, katika kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, ilithibitisha kuwa maikro-RNA za uvimbe huingia kwenye plazma, ile sehemu ya maji ya damu, na hukaa humo bila kuharibika. Plazma iliachwa kwenye joto la chumba kwa saa 24, ikagandishwa na kuyeyushwa mara nane, na vipimo havikubadilika sana. Kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, moja ya maikro-RNA hizo, miR-141, iliweza kuwatofautisha na watu wazima wasio na ugonjwa. Kwa yeyote anayejua umeme wetu na friji zetu, habari hiyo ilikuwa kubwa. Kituo hichohicho kilishirikiana baadaye na Taasisi ya Saratani ya Uganda kujenga kliniki na maabara zilizofunguliwa Mulago mwaka 2015.

Baada ya ugunduzi huo wa 2008 tafiti zikamiminika. Maikro-RNA moja inaashiria saratani ya titi, nyingine ya utumbo, nyingine ya mapafu. Tatizo likawa kwamba majibu ya maabara moja hayakufanana na ya nyingine. Aliyesaidia kuonyesha sababu ni Tewari yuleyule. Mwaka 2012 yeye na wenzake walikagua viashiria 79 vya saratani vilivyokuwa vimechapishwa, wakakuta kwamba asilimia 58 ni maikro-RNA ambazo seli za damu zenyewe huzibeba kwa wingi. Chembe nyekundu zikipasuka, baadhi ya hizo, zikiwemo miR-16 na miR-451, hupanda mara 20 hadi 30. Kilichodhaniwa kuwa sauti ya uvimbe kingeweza kuwa damu iliyovurugika ndani ya bomba.

Hilo ndilo linalonikosesha utulivu. Vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Mtoto mwenye selimundu huishi na chembe zinazovunjika kila siku, na Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Ongeza sindano nyembamba, bomba lililotikiswa na kisanduku kilichopita barabara ya vumbi nyuma ya pikipiki. Kiwango cha kawaida kilichowekwa kwa damu ya watu wasiojua malaria hakiwezi kuchukuliwa kilivyo na kupachikwa Geita au Gulu. Kikipachikwa, kitasema wenye malaria wana saratani, au kitafichwa na kelele za damu na kumpita mwenye saratani kweli. Na ukanda wa limfoma ya Burkitt ndio ukanda wa malaria, kwa hiyo watoto wanaokihitaji zaidi kipimo hiki ndio ambao damu yao itakipotosha zaidi.

Sisemi haya kukata tamaa, kwa sababu mfano wa kufaulu upo. Saratani ya korodani hutoa miR-371a-3p, ambayo kwa kawaida hutumika kwenye kiinitete na seli za damu ya mtu mzima haziihitaji. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Klaus-Peter Dieckmann wa Ujerumani iliripoti utafiti wa wagonjwa 616: kipimo kiliibaini saratani kwa asilimia 90 ya wagonjwa, na kati ya wasio nayo kiliwaondoa asilimia 94. Vipimo vya zamani vya damu havikufikia kiwango hicho. Kilifaulu kwa sababu hakitegemei kitu ambacho damu yenyewe inakitengeneza.

Hivyo ndivyo ninavyozitazama maikro-RNA za virusi vya Epstein-Barr. Chembe nyekundu hazizitengenezi, hivyo kupasuka kwake si kikwazo kilekile. Lakini hapa kuna mtego mwingine: zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanaishi na virusi hivyo bila kuugua, na malaria huviamsha. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2005 uliwakuta watoto wa Kisumu, ambako malaria haina msimu, wakiwa na virusi vingi zaidi kwenye damu kuliko wenzao wa nyanda za juu za Nandi. Kwa hiyo kuikuta alama ya virusi hakutoshi. Lazima ijulikane ni kiasi gani kinachovuka cha mtoto mwenye homa na kuingia cha mtoto mwenye uvimbe, na kiasi hicho hakiwezi kujulikana Seattle wala Ujerumani. Kitapatikana kwa kupima watoto wa hapa: wenye limfoma, wenye malaria, wenye selimundu, na wazima wa kijiji kilekile.

Wanaotoa vibali vya utafiti, NIMR kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya na baraza la sayansi la Uganda, wana nguvu ya kulidai hili leo. Mradi wowote unaoomba kuchukua damu ya wagonjwa wetu kwa ajili ya kipimo cha saratani uonyeshe umewaweka wapi wenye malaria. Uandike saa kati ya kuchoma sindano na kutenganisha plazma. Upime kiwango cha chembe zilizopasuka katika kila bomba na kukitangaza pamoja na matokeo. Sehemu ya sampuli ibaki hapa, kwenye majokofu yenye jenereta na watu waliofundishwa kuyatunza, ili mtafiti wa Muhimbili au Makerere aweze kuzirudia bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Na wizara zetu zisikubali kuuziwa kipimo kimoja kinachodai kubaini saratani zote. Katika tiba tumekwisha kuonywa: dawa ya kwanza ya saratani iliyoiga maikro-RNA, MRX34, ilisimamishwa 2016 ikiwa bado inajaribiwa, baada ya kuleta madhara makali ya kinga ya mwili. Wakati kazi hii ya polepole ikiendelea, fedha za kusomesha wataalamu wa patholojia na kununua kemikali za kupakia rangi vinyama zisiguswe. Hata siku kipimo cha damu kitakapokuwa tayari, thamani yake itajulikana tu kwa kulinganishwa na jibu sahihi la hadubini, na jibu hilo linahitaji mtu wa kulisoma katika kila hospitali ya mkoa.