Ujuzi wa Nyumbani Uvuke Mpaka

Mfanyabiashara aliyewahi kushusha mzigo Lilongwe analijua jina la Likuni, hata kama hajawahi kufika kitongoji hicho kilicho magharibi mwa jiji. Jina hilo limeandikwa kwenye mifuko ya unga madukani. Likuni Phala, yaani uji wa Likuni kwa Kichewa, ni mchanganyiko wa mahindi na soya, kwa kawaida sehemu nne kwa sehemu moja. Leo unasagwa na viwanda vikubwa na kugawiwa katika miradi ya lishe. Lakini ndani yake hamna siri ya kiwanda. Mama anayejua kukaanga soya bila kuiunguza na kupima kwa kibaba anaweza kuutengeneza uani kwake.

Rwanda kuna unga wa jamii hiyo uitwao Sosoma, wa mtama, soya na mahindi. Tanzania wanasema uji wa lishe, na kila mtaa una mama anayesifika kwa kuuchanganya vizuri. Ni ujuzi ule ule katika nchi tatu, na mara nyingi mwenye nao hauhesabu kuwa mtaji.

Hapo ndipo penye somo kwa wanaofanya biashara ya mpakani, na mahali pa kulisoma ni Dzaleka. Kambi hiyo iko wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la utawala wa Kamuzu Banda, kisha mwaka 1994 ikafanywa makazi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu elfu kumi na kidogo. Leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha sokoni.

Watu hao hawakufika mikono mitupu. Walifika na ushonaji wa Bukavu na Uvira, ususi wa nywele, useremala, ufumaji wa vikapu, upishi wa mikate na maandazi, utengenezaji wa sabuni na upigaji wa gitaa. Mengi kati ya hayo yalikuwa mambo ya kujifurahisha jioni baada ya kazi. Mwalimu aliyependa kuchora amekuwa mwandika mabango. Msichana aliyekuwa akiwasuka dada zake barazani ana wateja wanaosubiri zamu. Mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa uhaba wa fedha za wafadhili, na kilichokuwa burudani sasa ndicho kinacholipia unga.

Hata hivyo, si haki kuisimulia Dzaleka kana kwamba bidii peke yake inatosha. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, hapo mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Kwa miaka mingi masharti hayo hayakubanwa sana, na wakimbizi wengi wakafungua maduka na vibanda Lilongwe na miji mingine. Machi 2023 serikali iliwaagiza warejee kambini kufikia katikati ya Aprili. Mei msako ukaanza. Mamia walikamatwa, watoto wakiwemo, wengine wakapitia gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka. Aliyekuwa na duka la rejareja mjini akajikuta na mlango mmoja wa kuuzia: mlango wa nyumba yake.

Kwa hiyo biashara ya nyumbani kambini si mtindo wa maisha aliojichagulia mtu. Kwa wengi ndiyo biashara pekee iliyobaki. Ugumu wake unajulikana kwa yeyote aliyepita katika soko la Dzaleka: wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wale wale, na mafundi kumi wakishona gauni la aina moja, bei hushuka hadi wote wanakosa. Ujuzi upo, ila hauna njia ya kutoka.

Njia hiyo anaweza kuifungua mfanyabiashara wa mpakani.

Hoja yenyewe ni nyepesi. Sheria za uasili wa bidhaa, ziwe za SADC au za COMESA, hutazama kitu kimetengenezwa wapi na kwa malighafi gani. Haziulizi aliyekishona ana hati ya nchi ipi. Mkeka au kikapu kilichosukwa Dzaleka kwa malighafi ya Malawi ni bidhaa ya Malawi sawa na kilichosukwa Likuni. Mikono iliyokitengeneza inaweza kuzuiwa kwenye kizuizi cha barabarani, lakini kikapu chenyewe, kikiwa na karatasi zake, kinaweza kufika Chipata, Mbeya au mbali zaidi.

Utaratibu haufanani kila mpaka. Upande wa Mchinji kuelekea Zambia, mfanyabiashara mdogo ananufaika na utaratibu rahisi wa COMESA, wenye cheti chepesi cha uasili kwa shehena ndogo za bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Upande wa Kasumulu na Songwe hautumiki, maana Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Huko zinafuatwa taratibu za SADC. Asiyejua tofauti hiyo hulipa ushuru ambao hakupaswa kulipa, au humpa dalali fedha kwa karatasi asiyoihitaji.

Wafanyabiashara hawajasahau pia mwaka 2025. Malawi ilizuia mazao kadhaa kutoka nje, Tanzania nayo ikajibu Aprili kwa kufunga mlango kwa mazao ya Malawi, na malori yakakwama. Aliyekuwa amebeba ndizi au nyanya alihesabu hasara kwa siku. Kikapu hakiozi wala gauni haliharibiki kwa kusubiri wiki mbili. Anayechanganya mazao na kazi za mikono katika mzigo wake ana pa kuegemea milango ikifungwa.

Lakini mnunuzi makini hatanunua huruma. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja wa Lilongwe au Mbeya atanunua mfuko mara moja kwa sababu umetoka kambini. Mara ya pili atanunua kwa sababu mshono haukufumuka. Kwa vyakula sharti ni zito zaidi: unga wa uji unaoliwa na mtoto unahitaji nafaka isiyo na ukungu, vipimo visivyobadilika na viwango vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango la Malawi. Anayeanza nyumbani aanze na kinachokubalika kisheria kuuzwa kwa majirani, apande ngazi kadiri anavyoweza kutimiza masharti.

Jambo la pili ni hesabu. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na wengi waliokuwa wakifanya kazi majumbani walifilisika bila kujua. Chukua mfano wa fundi aliyenunua kitenge kwa kwacha 12,000, akaongeza uzi na zipu kwa kwacha 2,000, akauza gauni kwa kwacha 18,000. Kwake faida ni 4,000. Akirudi dukani anakuta kitenge kimefika 16,000. Akiongeza uzi na zipu, zile 18,000 zote zimekwisha. Ameshona siku nzima, ana kitambaa kingine mkononi, na hana hata shilingi ya chumvi.

Bei basi ipangwe kwa gharama ya kununua tena, si kwa ile iliyokwisha kulipwa. Saa za kazi nazo zilipwe. Kosa la kawaida la anayeuza anachokipenda ni kuona aibu kudai malipo ya muda wake, kwa sababu mwanzoni alikifanya bure. Fedha ya biashara ikae mbali na ya jikoni, hata kama mkebe mmoja uko juu ya kabati na mwingine chini ya kitanda. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la shule linatosha.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Wapo wanaofika Dzaleka wakijua fundi hana pa kwenda, wakataja bei ya kumkomoa. Faida ya namna hiyo haidumu: fundi aliyekomolewa hupunguza uzi, hushona upesi, na mzigo unaofuata hurudishwa na wateja. Oda iliyoandikwa, malipo ya awali ya kununulia kitambaa na tarehe inayoheshimiwa humpatia mfanyabiashara mtu wa kumtegemea mwaka mzima.

Serikali ya Malawi ina hoja zake, na ni halali kuzisikiliza. Wafanyabiashara wazawa walilalamikia ushindani mijini, na nchi yenyewe haina utajiri wa kugawa. Ila soko la Dzaleka linaonyesha upande wa pili. Wakulima wa vijiji vya Dowa huuza humo mahindi na nyanya zao. Mshonaji akipata oda, duka la vitambaa la Lilongwe linauza, mwenye lori anapata mzigo na mkulima anapata mteja wa soya. Vibali vya muda vya kwenda sokoni kwa mafundi waliosajiliwa, au siku maalumu za gulio kwa wanunuzi kutoka nje, ni hatua ndogo zisizohitaji kubadili sheria nzima.

Kambi yenyewe imekwisha kuonyesha kuwa inawezekana. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, huwaleta wageni hadi ndani ya Dzaleka. Baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi, wakala chakula cha wenyeji wao. Mshairi aliyekuwa na mashairi tu amefungua mlango ambao wapishi, wasusi na wachongaji wanapitia kila tamasha linapofanyika.

Tamasha ni la siku chache. Wafanyabiashara wa mpakani hupita mwaka mzima. Safari ijayo ya Lilongwe, kabla lori halijageuka tupu kuelekea Kasumulu au Mchinji, inafaa kuulizwa ni nani Dzaleka anayeshona vizuri, na anadai kiasi gani kwa kazi yake.