Kugawa fedha kwa vichwa kunaziumiza shule za Lamu Mashariki

SENSA ya 2019 ilionyesha kuwa Lamu ndiyo kaunti yenye watu wachache zaidi nchini. Ilikuwa na wakazi 143,920, ilhali taifa zima lilikuwa na watu milioni 47.6. Hata hivyo, jumla hiyo inaficha pengo kubwa ndani ya kaunti yenyewe, na pengo hilo lina uzito katika masomo ya watoto wa visiwani.

Kati ya wakazi hao, 121,662 walihesabiwa Lamu Magharibi. Lamu Mashariki, yenye wadi tatu za Faza, Kiunga na Basuba, ilikuwa na watu 22,258 pekee. Katika sensa ya 2009, maeneo bunge hayo yalikuwa na watu 82,698 na 18,841 mtawalia. Hivyo basi, katika muda wa miaka kumi magharibi iliongezeka kwa asilimia 47, na mashariki kwa asilimia 18.

Uchumi wa pande hizo haufanani. Magharibi kuna mashamba ya Mpeketoni na Witu, mji wa kale wa Lamu uliotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2001, na bandari ya Kililana ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mashariki, tegemeo ni bahari. Pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu, vyombo vidogo vya wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiwayu hukaa ufuoni, nayo mifuko ya wazazi hukauka. Huko Basuba, wanakoishi Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, utovu wa usalama uliozidi mwaka wa 2014 ulisababisha shule kufungwa kwa miaka kadhaa.

Katika mazingira hayo, serikali hufadhili shule kwa kuhesabu wanafunzi. Kiwango kilichowekwa ni Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, Sh15,042 kwa sekondari msingi na Sh22,244 kwa sekondari. Shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 hustahili Sh1.42 milioni. Yenye wanafunzi 100 hustahili Sh142,000.

Lakini gharama hazipungui kwa kipimo hicho. Shule ndogo nayo huhitaji mlinzi, jabia la kukinga maji ya mvua, na mabati mapya kila yale ya zamani yanapoliwa na chumvi ya bahari. Vitabu na saruji husafirishwa kwa mashua, na bei ya mafuta haijali idadi ya wanafunzi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila pale vichwa vinapokuwa vichache, kibaba hakijai.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja. Hesabu ya vichwa ni wazi, na mtoto wa Faza hupata sawa na mwenzake wa Nairobi. Aidha, shule za mijini zenye msongamano zina matatizo yake. Hoja hiyo ina nguvu, ila usawa wa shilingi si usawa wa masomo.

Isitoshe, Kenya imekwisha kukubali kanuni tofauti kwingineko. Baada ya mvutano mkali katika Seneti mwaka wa 2020, mfumo wa kugawia kaunti fedha ulioafikiwa Septemba mwaka huo ulitenga asilimia 20 igawanywe sawa kwa kaunti zote, nayo asilimia 18 ikafuata idadi ya watu. Ilitambuliwa kuwa kaunti ndogo pia ina gharama za lazima.

Ikiwa kaunti ilistahili kutendewa hivyo, ni vigumu kueleza kwa nini shule isistahili. Kiasi cha msingi kwa kila shule, kisha nyongeza kwa kila mwanafunzi, kingezipunguzia mzigo shule za visiwani pasipo kuzipokonya zile kubwa mgao wa kila mtoto. Bila hivyo, familia zenye uwezo zitaendelea kuhamishia watoto magharibi, na kila anayehama ataondoka na sehemu ya fedha za wale wanaobaki.