Mbegu Isiyoota na Shauri la Wengi

Misigiri ni njiapanda. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita hapo, na njia iendayo Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, huchepuka hapo hapo. Ni katika senta za namna hii ndipo mkulima wa alizeti anunuapo mbegu yake. Hupewa mfuko uliofungwa, wenye maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi, kisha hurudi nyumbani kungojea mvua. Mvua za Singida ni za msimu mmoja: huanza kiasi cha Novemba au Desemba na kukoma kiasi cha Aprili. Mkulima ambaye mbegu yake haikuota Desemba aweza kupanda tena Januari ikiwa bado ana fedha. Asiyekuwa nazo amepoteza mwaka.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba wakulima thelathini wa vijiji vya jirani wamenunua mbegu ya namna moja, na mbegu hiyo haikuota inavyostahili. Kila mmoja amepoteza bei ya mfuko, gharama ya kulimisha na nguvu ya jamaa zake. Kwa nyumba yake hasara hiyo ni kubwa. Kwa mahakama ni ndogo, hata nauli ya kwenda na kurudi mjini mara nne au tano yaweza kuizidi. Hapo ndipo ilipo siri ya bidhaa mbovu: madhara yake hugawanyika vipande vidogo vidogo, na hakuna kipande kimoja kinachotosha kumfanya mwenye nacho ashtaki. Mwuzaji hahitaji kushinda shauri lolote, maana hakuna linalofunguliwa.

Tena mkulima aliye peke yake hukabiliwa na maswali yasiyo na majibu mepesi. Huulizwa kama hakuifukia mbegu chini mno, kama udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha, kama mchwa, ndege au kanga hawakuila. Maswali hayo si ya hila. Yote yaweza kuwa kweli, na bwana shamba mwaminifu angeyauliza vivyo hivyo. Mtu mmoja mwenye shamba moja hawezi kuyajibu kwa uhakika, kwa sababu shamba lake halina la kulinganishwa nalo.

Wakiwa thelathini hali hubadilika, na hubadilika kwa sababu ya kisayansi kabla ya ile ya kisheria. Mashamba thelathini hayana udongo mmoja, hayakupandwa siku moja wala kwa kina kimoja, na mchwa hawakuyavamia yote kwa kipimo sawa. Ikiwa yote yameshindwa, na kitu pekee yanachoshirikiana ni namba ya fungu iliyochapwa juu ya mfuko, basi lawama huanza kuihama mikono ya wakulima. Na ikiwa majirani waliopanda mbegu nyingine wiki ile ile wamepata miche mizuri, hoja ya ukame nayo hudhoofika. Mtafiti hulipa gharama kubwa kuandaa jaribio la namna hiyo. Wanakijiji hawa wamekwisha kulifanya bila kujua, wakilipia kwa njaa yao wenyewe.

Hesabu yathibitisha jambo hilo. Lebo ikisema kwamba mbegu 85 katika 100 zitaota, kisha mkulima akajaribu mbegu kumi tu na kuona saba zimeota, hana la kulalamikia: hata mbegu iliyo sawasawa kabisa na lebo huleta matokeo kama hayo, au mabaya zaidi, kiasi cha mara 18 katika kila majaribio 100. Lakini zikijaribiwa mbegu 100 zikaota 70 tu, bahati mbaya si maelezo tena, maana tokeo hilo halifikii mara moja katika majaribio elfu. Kwa sababu hiyo maabara za kimataifa hupima mbegu 400, mia mia kwa mafungu manne. Uwiano wa saba kwa kumi ni ule ule. Kilichobadilika ni wingi, na wingi ndio ugeuzao manung'uniko kuwa ushahidi.

Wingi husaidia pia kumtambua mkosaji. Mbegu ni kitu hai, na hufa kwa joto na unyevu. Wataalamu wa hifadhi ya mbegu wana kanuni ya kukadiria kwamba joto likipungua kwa nyuzi tano za Selsiasi maisha ya mbegu huongezeka mara mbili, na unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja huongezeka mara mbili vilevile. Kinyume chake ni kweli, nayo mbegu ya mafuta kama alizeti huharibika upesi kuliko nafaka. Basi mbegu njema itokayo kwa mzalishaji yaweza kufia dukani, chini ya bati liwakalo jua miezi sita. Ikiwa waliopata hasara ni wateja wa duka moja tu, na wale walionunua fungu lile lile Shelui au Kiomboi wamevuna, duka ndilo la kuulizwa. Ikiwa wote wamepata hasara, swali lamwendea mzalishaji. Mkulima mmoja angemshtaki nani?

Sheria ya Tanzania haikulisahau jambo hili, ijapokuwa wengi hawajui kwamba imo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, iliyofuata kielelezo cha Sheria ya India ya mwaka 1908, yasema katika Amri ya Kwanza, kanuni ya nane, kwamba watu wengi wenye maslahi mamoja katika shauri waweza kuwakilishwa na mmoja wao au wachache wao, kwa ruhusa ya mahakama. Mahakama ikiruhusu, hapana budi wote wanaohusika wapewe taarifa, ama kwa kufikishiwa mmoja mmoja, ama kwa tangazo la hadhara iwapo idadi yao haikubali njia ya kwanza. Mwenye kuwakilishwa akitaka kuingia shaurini mwenyewe, ana haki ya kuomba. Upo na mlango wa pili katika Amri hiyo hiyo, kanuni ya kwanza: watu ambao madai yao yametokana na tendo moja au mfululizo mmoja wa matendo, yenye swali moja la sheria au la ukweli, waweza kuungana kuwa wadai katika shauri moja, kila mmoja akidai fidia yake. Mlango huu huwafaa zaidi wakulima ambao mmoja amepoteza ekari mbili na mwingine kumi, maana maslahi yao yafanana lakini hasara zao hazilingani.

Kuhusu madai yenyewe, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humtaka mwuzaji atoe kitu kinacholingana na maelezo yake na kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa kuifanya. Mtengenezaji aliye mbali, ambaye mnunuzi hakufanya naye mkataba, alifikiwa na sheria kwa njia nyingine. Tarehe 26 Agosti, 1928, mwanamke wa Uskoti aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi katika mkahawa mmoja mjini Paisley. Alidai kwamba ndani yake alimkuta konokono aliyeoza. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua, watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayekitumia kitu chake. Sheria ya uzembe katika nchi zilizorithi mfumo huo, Tanzania ikiwamo, imejengwa juu ya konokono huyo.

Mfano ulio karibu zaidi na alizeti ya Iramba ni wa kabichi. Wakulima wa East Lothian, huko huko Uskoti, walinunua kwa pauni zipatazo 200 mbegu iliyosemekana kuwa ya kabichi za majira ya baridi, wakaipanda katika ekari 63 mwaka 1974. Yaliyoota hayakufaa kuuzwa. Kampuni ya mbegu ilijikinga kwa sharti lililoandikwa katika hati zake, kwamba dhima yake haizidi bei ya mbegu. Mwaka 1983 majaji walilikataa sharti hilo kuwa si la haki, na wakulima wakapata zaidi ya pauni 61,000. Sheria iliyotumika ilikuwa ya Uingereza, na mahakama za Tanzania hazifungwi nayo. Ila yafaa ikumbukwe kwamba mdai yule alikuwa kampuni yenye uwezo wa kwenda na shauri ngazi tatu kwa miaka mingi. Watu thelathini wenye ekari mbili mbili wana karibu ardhi ile ile. Wanalokosa ni kuwa kitu kimoja.

Afrika ya Kusini imeonyesha jinsi maabara na mahakama ziwezavyo kushikana mikono. Katika mlipuko wa listeria wa mwaka 2017 na 2018, watu zaidi ya elfu moja waliugua na zaidi ya mia mbili wakafa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba wagonjwa wengi mno walikuwa na kimelea cha aina moja, na aina hiyo ikapatikana katika kiwanda cha nyama ya kusindika huko Polokwane. Mwishoni mwa mwaka 2018 Mahakama Kuu iliruhusu shauri la pamoja la waathirika. Bila uchunguzi ule, kila mgonjwa angekuwa na tumbo lake na hadithi yake.

Haifai kudhani kwamba njia hii ni nyepesi. Mahakama za nchi hii huwa na hadhari juu ya mashauri ya uwakilishi, na hadhari hiyo ina msingi: atokeaye kudai kwa niaba ya watu mia aweza kuwa anawataja waliokufa, wasiokuwapo au ambao hawakumtuma. Kwa hiyo orodha ya majina na sahihi, na kumbukumbu za mkutano uliowachagua wawakilishi, ni vitu vya kwanza kabla ya wakili. Muda nao hausubiri. Chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, dai la mkataba lina miaka sita na dai la uzembe lina mitatu.

Ipo na kasoro ambayo mkulima hawezi kuirekebisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ina sehemu nzuri juu ya udanganyifu wa wauzaji na usalama wa bidhaa. Lakini ilivyotungwa, tafsiri yake ya mlaji humwacha nje anunuaye bidhaa ili aitumie kuzalisha kitu cha kuuza. Anunuaye pasi mbovu ni mlaji; anunuaye mbegu mbovu ili auze alizeti aweza kuambiwa kwamba yeye si mlaji. Katika nchi ambayo wananchi walio wengi huishi kwa kilimo, tafsiri hiyo imewatoa nje wale wenye kunyonywa zaidi, na yastahili kubadilishwa.

Taasisi za sayansi nazo zina deni. Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, iliundwa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na ina wataalamu wa kupima uotaji. Ingefaa kikundi cha wakulima kiletacho sampuli ya fungu moja, yenye mfuko na risiti, kipimiwe bila malipo na kupewa cheti kinachokubalika mahakamani. Mkulima naye, kabla ya kupanda, ahesabu mbegu mia, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, azihesabu zilizoota baada ya siku kumi. Aweke kando konzi mbili za mbegu pamoja na mfuko wake mahali pakavu hadi mavuno. Mfuko mtupu ndio hutumiwa kufunikia mtungi au kuwashia moto, na pamoja nao huungua namba ya fungu.

Limebaki suala la tangazo. Tangazo la shauri likichapwa katika gazeti la Dar es Salaam, lililoandikwa kwa lugha ya wanasheria, wakulima wa Iramba hawatalijua. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na kanuni ya nane haikutaja gazeti. Imesema tangazo la hadhara tu. Hakimu aweza kuamuru lisomwe redioni, libandikwe katika ofisi ya kijiji, na lipigiwe mbiu siku ya mnada, wakati watu wa Misigiri na vijiji vyote vya kando wamekusanyika.