Utukufu Hautoki Katika Damu



Jioni moja baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Raskazone, akanijia mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili na kitabu cha katuni cha Kiingereza alichoazimwa na mwenziwe. Akaniuliza: "Babu, na sisi tuna damu gani?" Nikamtaka anieleze swali hilo limetoka wapi, naye akanifungulia picha moja baada ya moja, akanisimulia. Alipomaliza nilitambua kuwa nusu ya swali lake imetoka kitabuni, na nusu imetoka ndani ya nyumba, katika mazungumzo yetu watu wazima. Khabari hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza nikueleze kitabu chenyewe, maana si haki kukipiga vita kitu usichokijua. Katuni hizo ni za kampuni ya Marvel ya New York. Mwaka 1961 mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walianzisha mfululizo uitwao Fantastic Four, khabari za watu wanne waliopata nguvu za ajabu. Mwezi wa Machi 1965 akatokea humo mwanamke aitwaye Medusa, ambaye nywele zake hukamata na kupiga kama mikono, wala msomaji hakuambiwa ametoka wapi. Lilipotoka toleo la 45, la Disemba 1965, pazia likafunuliwa. Kumbe Medusa ni mmoja tu wa kaumu nzima iliyojificha miongoni mwa wanadamu, na jina lao ni Inhumans, yaani wasio binadamu. Wana mfalme wao, Black Bolt, wana ukoo wao wa kifalme, na wana mji wao wa siri, Attilan, ambao baadaye ulielezwa kuwa katika milima ya Himalaya.

Nguvu zao zimetoka wapi? Mwaka 1967 watungaji walilijibu hilo. Walisema kuwa zamani za kale viumbe wa sayari nyingine, waitwao Kree, waliwachezea wahenga wa kaumu hiyo katika asili ya miili yao. Tangu hapo mtoto wao huingizwa katika ukungu uitwao Terrigen, akatoka na kwato, au mapezi ya samaki, au nguvu nyingine ya ajabu. Hakuitafuta kwa elimu wala kwa subira. Ameipata kwa sababu ya aliyemzaa.

Sasa tazama, ewe mzazi, kitu ambacho mtoto hukipita haraka. Katika mji huo wa watukufu kuna watu wengine, walioonekana katika matoleo ya mwanzoni mwa 1966, waitwao Alpha Primitives. Hao waliumbwa makusudi ili wafanye kazi. Wote wanafanana, hawana ukoo wala jina la kukumbukwa. Juu wako wenye damu, chini wako wenye kubeba. Mimi sigombani na nywele za Medusa. Ninagombana na ngazi hiyo, na khasa kwa kuwa imechorwa kwa rangi nzuri hata mtoto akaiona ni ya kawaida.

Utasema: "Sheikh, hizi ni hadithi tu. Mbona sisi tulilelewa kwa hadithi za majini?" Ni kweli. Sisi watoto wa Tanga tuliambiwa kuwa mapango ya Amboni yana njia zifikazo Mombasa na Kilimanjaro, na usiku hatukulala tukiwafikiria wakaao humo. Walakini majini tuliyofundishwa chuoni ni viumbe waliokalifishwa kama sisi. Wako wema na wako waovu, na wote watahesabiwa. Hatukuambiwa hata siku moja kuwa kufichikana kwao kumewafanya bora kuliko mwana wa Adamu.

Utasema tena: "Watungaji wale hawakukusudia kiburi." Na hili nalikubali, maana uadilifu ni wajibu hata kwa unayembishia. Jack Kirby alizaliwa 1917, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi wasio na kitu huko New York, akaenda vitani Ulaya kupigana na majeshi ya Hitler, yaani na watu walioua mamilioni kwa madai ya damu bora. Kaumu yake iliyojificha inawakhofu wanadamu kwa sababu wanadamu huwawinda wasiofanana nao. Hilo ni funzo jema. Lakini funzo jema halifuti ngazi. Mwenye kukimbia dhulma akajenga mji, kisha akaweka watumwa chini yake, ameihamisha dhulma tu.

Na msidhani khabari hii iko mbali nasi. Mwezi wa Julai 1966, katika mfululizo ule ule, Lee na Kirby walimtoa Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi nyingine iliyofichwa, nayo wenye katuni hizo wameiweka upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Tena ni kutoka Wakanda kwamba mmoja wa wale wanne alianza safari ya kuwatafuta Inhumans. Filamu yake ilipotoka mwaka 2018 vijana wetu walifurahi, wakasema: leo na sisi tumeonekana. Nami nawaelewa, kwani aliyedharauliwa muda mrefu hufurahia kioo chochote. Ila katika filamu hiyo watu wa Wakanda walipewa Kixhosa, lugha ya Afrika ya Kusini. Kiti cha enzi nacho kilikuwa cha ukoo wa kifalme.

Ndugu zangu, sasa nigeuke nyumbani, maana ulimi wa kuwasema wa Marekani ni mwepesi na wa kujisema ni mzito. Ukungu wa Terrigen ni wa katuni, lakini sisi wa pwani tunao wa kwetu, nao ni nasaba. Huyu wazee wake wametoka Shirazi, huyu Hadhramaut, huyu Omani. Na wale wengine? Hao tunawataja kwa kunong'ona. Pangani si mbali na hapa, na kila mzee anajua biashara iliyofanyika pale. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini, na mwaka 1922 utumwa wenyewe ukaharamishwa kwa sheria katika Tanganyika. Zaidi ya miaka mia imepita. Sheria imefuta minyororo, lakini haikuweza kufuta ule mnong'ono.

Nami ni shahidi juu ya nafsi yangu. Miaka kadha iliyopita nilikaa katika posa moja hapa mjini. Kijana ana dini, ana tabia, ana kazi yake. Mzee mmoja wa upande wa mke akauliza babu wa kijana alitoka wapi. Mtu akamnong'oneza neno moja sikioni, na posa ikafa pale pale. Mimi nilikuwapo, na kilemba changu kichwani. Niliinama nikanywa kahawa. Yule mfalme Black Bolt hanyamazi kwa woga. Hunyamaza kwa kuwa mnong'ono wake tu huangusha majumba. Mimi neno langu lingejenga nyumba, nami nikalizuia.

Utasema: "Lakini Sheikh, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameitaja kafaa katika ndoa, na nasaba imo." Naam, imo, nami nimeisomesha. Lakini kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia wanaweza kuisamehe. Si mizani ya thamani ya mtu. Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Akamshauri Fatima binti Qays, Mkureshi, aolewe na Usama mwana wa Zayd huyo huyo. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, imekata shauri: makabila yapo ili watu wajuane, na daraja hupimwa kwa uchaji Mungu.

Tena tazameni sauti ya Bilal. Alikuwa mtumwa aliyelazwa juu ya mchanga wa moto. Siku ya kufunguliwa Makka ndiye aliyeamrishwa kupanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, na mabwana wenye nasaba wamesimama chini wakimsikiliza. Hakuingia katika ukungu wowote. Imani na subira ndizo zilizompandisha.

Na kama watoto wanataka nchi za ajabu, Tanga haikuwanyima. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na mwaka 1951 kikachapwa kitabu chake Kusadikika, khabari za nchi inayoelea angani.  Yumo kijana Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha watu elimu ya sheria, akajitetea barazani kwa maneno tu. Aliwataja wajumbe sita waliotumwa nchi sita, wakarudi na mema, wakaadhibiwa kwa mema hayo. Hiyo ndiyo nguvu iliyomo katika uwezo wa kila mtoto: kusema kweli mbele ya wakubwa. Na mtungaji wake ni nani? Asili ya wazee wake ni Wayao. Lau tungempima kwa mizani ya posa ile, mwana huyu mbora wa Kiswahili angerudishwa mlangoni!

Basi nasaha yangu si kuchoma vitabu. Kilichochomwa uani husomwa kichochoroni. Keti na mtoto wako, soma naye, kisha muulize maswali matatu. Shujaa huyu amefanya nini ambacho hakurithi? Nani anayebeba mizigo katika mji huu? Na wewe ungependa kuzaliwa upande gani? Kisha jiulize wewe mwenyewe maswali hayo hayo juu ya mtaa wako.

Ama mimi, nilikwenda kwa yule kijana kumwomba radhi. Sasa ana mke na watoto. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema amesamehe. Sikupata la kusema, na nilivyostahili.

Na mjukuu wangu nilimjibu hivi: "Damu yako ni nyekundu, mwanangu, kama ya mvuvi yule na ya mchukuzi yule. Lililobaki ni utakalolifanya." Akanitazama, akasema: "Basi mbona bibi huwa anasema sisi si kama wale?" Jibu la swali hilo si lake. Ni letu, ewe msomaji, mimi na wewe, kabla ya posa ijayo.

Wabillahi tawfiq.