Tipu ya Changizo Mtandaoni ni Lumbesa

Lumbesa unaijua. Gunia linajazwa, linawekewa kilemba juu, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sheria inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele miaka yote. Sasa lumbesa imeingia kwenye simu.

Siku hizi mtu wa Rulenge au Nyakanazi akiwa na mgonjwa wa kupeleka Bugando, au upepo ukiezua nyumba, kijana wa ukoo aliyeko Marekani anafungua changizo GoFundMe. Tanzania haimo kwenye nchi wanazolipa moja kwa moja, kwa hiyo hela lazima ipitie akaunti yake ya huko. Hapo sina neno.

Shida iko pale mchangiaji anapolipa. Anaandika dola 20 za mgonjwa wako. Chini yake anakuta sehemu ya tipu, tayari imeshajazwa, mara nyingi asilimia 15 hivi. Asipoigusa anakatwa dola 23. Zile 3 ni za kampuni, haziji kwako, na asiyesoma vizuri anadhani amekuongezea wewe! Kwenye zile 20 nako inatoka ada ya malipo, asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Zinabaki dola 19 na senti 12. Hapo bado hazijatumwa Tanzania, na bado wakala hajakata yake.

Wanaoitetea wanasema tipu ni hiari na kampuni ina gharama. Gharama zipo, sikatai. Lakini hiari inaanzia sifuri. Ukila kwa mama ntilie ukamwachia hela ya soda, umeitoa mwenyewe; hakuichomeka kwenye hesabu ya wali ili wewe ndiye uitafute na kuitoa. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilifuta ada yake ya asilimia 5 kwa machangizo ya watu binafsi Marekani. Tipu ya 15 ni mara tatu ya ada iliyofutwa. Kama wanaihitaji, waiite ada tuione. Sisi tukitumiana hela tunasema wazi, "weka na ya kutolea", na kila mtu anajua inakwenda kwa nani.

Kwa hiyo mwambie kijana wako mapema. Kama wachangiaji wote ni ndugu wanaojuana, changizo la nini? Wampe yeye hela, atume mara moja. Kama ni lazima, wajue kwamba ile senti 30 inakula michango midogo: watu 10 wakitoa dola 5 kila mmoja, ada inafika karibu dola 4 na nusu, mmoja akizikusanya akalipa 50 kwa mkupuo, ni dola 1 na senti 75.

Na juu kabisa ya maelezo ya changizo, kabla hata ya habari za mgonjwa, aandike hivi: "Kwenye tipu weka sifuri. Ulichotaka kuongeza, kiongeze kwenye mchango wenyewe." Atafsiri kwa Kiingereza, maana wanaochangia si Wahangaza na Wasubi peke yao.