Pegasus: meli ya vita chini ya bahari na hatari ya kuifuata

Wengi wetu mkoani Pwani tumesikia habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamizwa Rufiji Julai 1915. Kabla ya hapo, asubuhi ya Septemba 20, 1914, iliipiga kwa mizinga Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa ikitengenezwa mashine bandarini Zanzibar. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa.

Leo watalii huzama kuyaona mabaki yake. Kijana wa Maneromango anayekwenda kutafuta kazi kwenye boti zao ajue kuwa kujua kuogelea hakutoshi.

Kwenye kina cha mita 30, mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu. Mtungi wa hewa ambao ungekutosha saa nzima juu, huko huisha kwa robo saa. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo huingia mwilini. Ukipanda ghafla hutoa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, na mtu anaweza kupooza au kufa. Ndiyo maana wazamiaji hupanda polepole, kisha husimama dakika 3 kwenye mita 5.

Kibaya zaidi, tunavyoona sisi, ni kuingia ndani ya meli. Tope likitibuka huoni mlango, na juu yako kuna chuma. Mwenye boti akisema "shuka tu, ni dakika mbili", muulize kwanza unazama na nani, na hewa ya akiba iko wapi.