Wanaosema Watoto wa Banda Hawawezi Gemu Ngumu, Wamesahau San Andreas?

Kuna washkaji wawili wameshindwa kuelewana. Mmoja ni fundi simu Mwanjelwa, Mbeya. Mwingine yuko chuo Iringa, kapanga Kihesa. Wote wamekulia kwenye pedi za PS2. Ugomvi wao: gemu ikitoka toleo jipya, ni sawa kufuta mambo ya kumjenga mhusika ili iwe rahisi?

Wa Mwanjelwa anasema poa tu. "Kaka, mtu kalipia nusu saa bandani, foleni iko nyuma yake, aanze kusoma menyu?"

Ana pointi, tusibishe. Kwenye Morrowind ya 2002 unamchapa adui upanga, unaona kabisa umempata, gemu inakwambia umekosa kwa sababu ujuzi wako mdogo. Kero ile kuondoka ilikuwa afadhali.

Ila kusema mtoto wa banda haziwezi gemu zenye mambo mengi ni dharau. San Andreas ya 2004 je? Ukimlisha CJ baga hovyo anaota kitambi, mbio hana, na watu wa mtaani wanamzodoa. Ukimnyima msosi anakonda. Gym ina kikomo kwa siku. Ukiendesha sana, udereva unapanda. Vijana wa Mbeya na Iringa walijua yote hayo bila kitabu cha maelekezo, tena kwa Kiingereza cha kuokoteza. Ukishika pedi, ulimjua aliyecheza kabla yako kwa kumwangalia CJ tu.

2008 ikaja GTA IV. Jiji kali, lakini gym hakuna, kunenepa hakuna. Niko ale asile, yuleyule. GTA V ya 2013 ikarudisha vipimo vya ujuzi, ila mwili ukabaki vilevile.

Skyrim ya 2011 nayo ilifuta zile sifa nane za Oblivion ya 2006, kama nguvu, akili na wepesi. Vikabaki afya, uchawi na pumzi. Ikauza balaa, na watu wakapata la kusema: si mnaona, wachezaji wanataka mteremko. Haya, 2023 Baldur's Gate 3 yenye kete na sheria kibao ikabeba Gemu ya Mwaka kwenye The Game Awards. Nani tena anaogopa gemu ngumu?

Kurahisisha menyu ni huduma. Kufuta matokeo ya maamuzi ya mchezaji ni kumpunja. Kummenyea mgeni ndizi ni ukarimu, lakini kumlia ndizi yake ili asichoke kutafuna ni nini?

Fundi wa Mwanjelwa bado anabisha. Ila muulize gemu aliyoirudia mara nyingi kuliko zote. Atakutajia ileile ambayo CJ alikuwa na kitambi.

Wewe uko Mwanjelwa au Kihesa? Shusha komenti.